Giaboksi Iliyonyamaza

Harufu ya unga wa mbao uliolowa oili hainitoki puani. Ilijaa katika gereji ya Simiyu, kibanda cha mabati kando ya mtaa wa Kipsongo mjini Kitale, ambako baba alinunua pikapu msimu wa mvua nikiwa darasa la tano. Sikujiuliza fundi wa magari alihitaji unga wa mbao wa nini. Baba naye hakujiuliza. Alichoka kubeba maziwa ya majirani kwa baiskeli kutoka Saboti, akataka kufika kiwandani kabla hayajachacha. Simiyu aliwasha injini, akaingiza gia, akamwambia baba ainame atege sikio.

"Sikiza mwenyewe, mzee. Imenyamaza kama kanisa."

Kweli ilinyamaza. Watu wa kwetu hununua gari kwa masikio, na Simiyu alilijua hilo kuliko alivyojua gari lenyewe.

Kabla hatujamaliza palizi, pikapu ilikwama mlimani, mikebe imejaa. Fundi mwingine alipofungua giaboksi, alichota uji mzito wa unga wa mbao, uliotiwa humo ili meno ya gia yaliyolika yasipige kelele. Baba alirudi gereji, nami nikimfuata. Simiyu hakuacha hata kutafuna muwa wake. Alimuuliza, mbele ya vijana waliokuwa wakicheka, kama si yeye mwenyewe aliyesikiza. Baba akarudia baiskeli, na mlima ule ukamla magoti. Leo anatembea kwa mkongojo.

Simiyu siku hizi anaagiza magari kutoka Japani. Ana uwanja wa kuyauzia Bungoma, na kwenye harambee husimamishwa kama mfano wa bidii. Bidii gani? Sijasikia gari hata moja lililopona mikononi mwake. Juzi nilipita hapo nikamkuta mwalimu kutoka Misikhu na mkewe wameinamia boneti, wametega masikio. Nilichungulia ndani: kilomita kwenye dashibodi zilikuwa chache ajabu. Lakini pedali ya breki ilikuwa imelika hadi chuma, kama ya gari lililokanyagwa miaka mingi.

"Sikizeni wenyewe," Simiyu aliwaambia. "Imenyamaza kama kanisa."

Nikamwomba mwalimu aitazame pedali. Simiyu akataka kujua mimi ni nani, nikamtajia baba na pikapu yake. Alifikiri kidogo, akatabasamu.

"Ile? Si iliwafikisha nyumbani, bana?"

Zamani angalau aliukoroga uongo wake mwenyewe, oili ikamchafua hadi viwikoni. Sasa mikono yake inanukia manukato, na maneno ni yale yale. Mwalimu aliinama akaitazama pedali kwa muda, akamgusa mkewe begani, wakaondoka bila kuaga.