Kifuniko cha Pampu

Kifuniko cha pampu kinapopinduka kwenye skrini, yule mchoraji wa mashine wa Kamalondo hafoki. Huvua miwani, husugua macho, kisha huondoa vifungo, yaani masharti yanayoshikanisha vipande kwenye mchoro, kimoja kimoja, kama anayechambua maharagwe, akitafuta kipi kinagombana na kipi. Leo kimepinduka tangu asubuhi.

“Papa, funga byote bisisogee tena, tutume plan ku atelier, baconge chuma,” akasema Lydie, bosi wake, naye kachoka kungoja.

“Mu ordinateur itatulia, mama,” akajibu kwa sauti ya chini. “Mais ku mine, kwenye pampu yenyewe, kuko muntu atatia mukono mule.”

Akaondoa kifungo kingine, kilichokuwa kikigombana na bawaba. Kifuniko kikatulia. Hakutabasamu. Alikifungua kwenye skrini, akaweka kidole chake kwenye kioo, palepale penye bawaba, kama mkono wa yule mtu wa mgodini, ndipo akakifunga polepole.