Nyasi za Kaburi la Babu

Nilipokuwa mtoto kule Kanazi, enzi ya Mwingereza, niliisikia ardhi ikipumua. Sikusimuliwa na mtu. Nilikuwapo mwanzo hadi mwisho, na kijiji kizima hakikuwa na mtoto mwenye masikio kama yangu.

Kiangazi kilirefuka, moto ukala rweya, mbuga yetu ya nyasi. Taata, baba yangu, alikuwa na mibuni michanga, na bwana shamba angekuja kuikagua. Nyasi za kuifunikia zikakosekana. Basi Taata akaingia kibanjani kwa Bibi, kwenye migomba alikozikwa Babu, akazoa nyasi zote, akazipeleka kwenye kahawa.

“Umemvua baba yako blanketi,” Bibi akamwambia.

“Mama, huo ni upagani. Udongo ni udongo.”

“Wewe ulibatizwa kichwa tu. Tumbo bado linakula ndizi zangu.” Kisha akashusha sauti. “Baba yako, migomba, chemchemi ya bondeni, na hiyo kahawa yako, vyote ni mwili mmoja. Umeuunguza mgongo.”

Haukupita mwezi. Migomba ya kaburini ikaanza kuanguka, mchana kweupe, bila upepo. Chemchemi ikabaki tope. Kahawa nayo, pamoja na blanketi lake la wizi, ikanyauka. Jikoni tukawa tunapika mizizi.

“Ardhi imekasirika?” Taata aliuliza. Hakutaja upagani tena.

“Haina hasira. Inatua mizigo ambayo haiwezi kuibeba. Imetua migomba, imetua maji.” Bibi akatutazama mmoja mmoja. “Tumebaki sisi.”

Nikaenda nikalala kifudifudi juu ya kaburi, sikio chini. Udongo ulikuwa moto kama paji la mgonjwa.

“Taata! Inahema!”

Alikuja, akalala kando yangu na koti lake la kanisani. Alisikiliza muda mrefu. Aliinuka, na siku hiyo hiyo akarudisha nyasi, akizitandaza huku amepiga magoti, kiganja kwa kiganja, kama anayemfunika mtoto. Bwana shamba alipokuja akamfokea kwa mibuni kuwa uchi. Mvua iliponyesha, kaburini ndiko chipukizi zilikoanzia.

Yote hayo ni kweli, ila moja nililitunga: mimi sikusikia kitu. Nilitaka tu Bibi arudishiwe nyasi zake.

Lakini Taata alisikia nini? Amekufa bila kuniambia, naye tumemlaza palepale. Kila kiangazi naenda kumfunika, na sikio langu siliweki chini.