Mafuta Yasiyotaka Maji

Asubuhi ile nilitoka Kaagya bila mpango. Bibi alinifungia ndizi za kuchoma kwenye jani la mgomba, hakuniuliza niendako. Nilikuwa nimeacha shule siku iliyotangulia na hasira ilikuwa bado mbichi. Nikashika njia ya kusini, basi.

Wewe uliyekulia losheni ya dukani, ngoja nikueleze. Enzi zile za Mwingereza tulijipaka siagi ya ng'ombe, tukiiita amajuta. Bibi aliichemsha polepole kwenye chungu. Mwanzoni ilipiga kelele kama mvua juu ya migomba; ikinyamaza, alijua maji yameisha. Hapo aliichuja na kuimimina kwenye kibuyu kikavu kilichofukizwa nyasi za kunukia. Ole wako uchovye kidole kilicholowa! "Maji ndiyo yanayoozesha," alisema. Mafuta yake yalimaliza msimu mzima wa kahawa bila kuchacha.

Mwalimu wetu hakuyapenda. "Unanuka zizi," aliniambia mbele ya wote. "Jipake mafuta ya dukani, la sivyo usiingie darasani." Wenzangu wakacheka, na wengi walikuwa wamepakwa yaleyale.

Nilipenda kusoma kuliko kula, na jirani yetu alijua. Akataka kuniokoa. Bibi akiwa shambani, akamimina maji ya waridi ndani ya kibuyu, akatikisa. "Sasa utanukia kama bibi harusi wa mjini!"

Mwanzoni nilinukia kweli, mwalimu akanyamaza. Kisha mafuta yakachacha, hata nzi wakayakimbia. Bibi alinusa mara moja tu, akamgeukia jirani. "Waitu, mwenzetu, umeyaua mafuta yangu ili mwalimu afurahi?" Akayamwaga migombani, akachemsha mengine. Yalipopoa akaniuliza, "Utajipaka, au utamwogopa mwalimu?"

Nikajipaka toka shingoni hadi nyayoni, nikang'aa. Mwalimu akanyoosha kidole mlangoni. "Kaoge, ndipo urudi."

"Nimeshaoga, mwalimu."

Nikatoka, sikurudi. Hata leo ukinirudisha mbele ya kidole kile, nitatoka tena.

Njia ile ya kusini ndiyo iliyonifikisha Kemondo. Lori la kahawa lilinichukua, jioni likanishusha karibu na ziwa, mahali ambapo sikumjua mtu. Mama mmoja alikuwa akianua samaki. Nilipomwomba pa kulala, nilisimama mbali, nikamwambia mapema kuwa najipaka siagi, asije akalalamika baadaye. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mwanangu, hapa anayenuka ni mimi! Ingia, mkeka upo."

Bibi hayupo sasa, wala ng'ombe wake, na sijui nyumba ambamo mtu bado anasikiliza chungu mpaka kinyamaze. Watu wakiniuliza kwa nini sikusoma, sisingizii umaskini. Nawaambia nilifukuzwa kwa kunuka harufu ya kwetu, nikakataa kuiosha.