Bakteria wa Ikutha Aliyeamshwa na Njaa

Saa mbili asubuhi, katika maabara moja mjini Kitui, Ndinda Musyimi anainua kisahani cha plastiki karibu na macho. Halafu anapiga kelele mpaka mlinzi wa getini anageuka.

"Aiya! Daktari, njoo uone! Ameua!"

Aliyeua ni bakteria kutoka kichuguu cha Ikutha, shambani kwa Mama Kasyoki. Waliokufa ni bakteria wa vidonda, wale sugu wanaozicheka dawa za hospitali.

Ndinda ni fundi wa maabara. Kazi yake ni kusoma jenomu, yaani maagizo yote ya urithi ndani ya kiumbe, akisaka kwa kompyuta jeni zinazoweza kuunda dawa. Kwa huyu wa Ikutha aliona kundi la jeni lisilofanana na lolote linalojulikana. Lakini kila alipomkuza, jeni zilikaa kimya tu, bila kuunda chochote.

Msimamizi wake, Dkt Bushra Abdulatif, alishamwambia jaribio hili likigoma, bakteria huyo anaachwa.

"Nililia," anasema Ndinda bila aibu. "Kompyuta inasema kitu kiko, mimi nakikosa."

Kosa lilikuwa la malezi. Kwao Kalamba, mgeni haondoki bila kushindiliwa chakula.

"Nami nilimlisha hivyo hivyo, sukari tele. Sasa aliyeshiba atapigania nini?"

Akakumbuka huyu katoka Ikutha, ambako mvua huombewa kanisani. Akapunguza sukari, akabakisha kidogo sana. Wenzake wakamcheka kwamba ameleta kiangazi maabarani. Kumbe njaa ndiyo iliyoziamsha zile jeni.

Dkt Bushra anakitazama kisahani, anavua miwani.

"Na nilitaka tumtupe! Hongera, dada. Huyu ni wako."

Si dawa bado. Kemikali iliyoua itatengwa, ithibitishwe kuwa ni mpya na haimdhuru mtu, kazi ya miaka. Ndinda anataka ifanyiwe papa hapa Kitui, na dawa ibebe jina la Ikutha. Tena anataka kurudi kichuguuni kutafuta wengine. Anampigia simu mwenye shamba.

"Mama, udongo wako umeua bakteria wa vidonda!"

"Udongo upi? Huu ulioninyima hata mahindi?"

"Huo huo, mama. Wa kichuguu. Naja kuchukua mwingine."

Kisha Mama Kasyoki anaonekana kuusahau mkono ulioshika simu, maana sauti yake inapaa shamba zima, akimwita mumewe:

"Baba Gedion! Weka jembe chini! Hicho kichuguu usikiguse!"