Mshono Unaotakiwa Kukatika

Saa moja na robo asubuhi. Jua la Agosti bado halijapata nguvu ya kupasha bati, na Léocadie Ngoie anapuliza vidole vyake kimoja kimoja kabla ya kushika sindano. Mbele yake, juu ya meza ndefu, kuna jaketi la kuokolea la rangi ya chungwa, limekunjwa likawa jembamba kama kola ya koti. Anapitisha sindano, anavuta uzi, anahesabu kwa Kifaransa, kwa sababu hesabu alifundishwa na masista kule Likasi, Kongo. Akifika saba, anakata.

Halafu anafanya jambo ambalo lingemfukuzisha fundi yeyote wa suruali. Analiweka lile jaketi kando, anachukua jingine la majaribio alilolishona jana kwa uzi uleule, anashika kamba yake nyekundu na kuivuta kwa nguvu. Gesi inalipuka ndani. Mishono yote saba inapasuka, prrr, na jaketi linatuna mikononi mwake.

"Imekatika muzuri," anasema kwa Kiswahili cha kwao, ambamo "ndiyo" ni "njo", uso umemng'aa. "Unaona? Hii njo kazi."

Johannesburg haina bahari. Iko mamia ya kilomita kutoka pwani, imepanda juu ya mwinuko wake na migodi yake, na maji makubwa inayoyajua ni mvua ya mawe ya Novemba. Lakini katika karakana hii ndogo karibu na Turffontein, ambayo wenyewe wameomba isitajwe jina, wanawake tisa na wanaume wawili wanashona na kukarabati majaketi ya marubani na askari wanaoruka kwa helikopta kutoka kwenye meli za kivita. Majaketi huja kwa maboksi, yana ukungu mweupe wa chumvi, na hurudi yalikotoka kwa maboksi.

Léocadie ana miaka arobaini na sita. Bahari hajaiona hata siku moja. Maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni ziwa la Tshangalele, karibu na kwao, na hata hilo alilitazama akiwa juu ya lori. Kuogelea hajui.

"Mwanzo nilifikiri wananidanganya kuhusu ile chumvi," anakumbuka. "Nikaramba kidole. Eish! Nikasema, kumbe ni kweli, maji yote ile ina chumvi."

Aliyekuwa amesimama nyuma yake siku hiyo ni Mwanaasha, mfungaji wa maboksi, mzaliwa wa Tanga, aliyekulia hatua chache kutoka ufukweni. Hadi leo hajachoka kuisimulia. "Wallahi nilicheka mpaka nikakaa chini," anasema. "Mtu mzima analamba jaketi la jeshi! Nikamwambia, shoga yangu, maji usiyoyafika hujui kina chake."

Kabla ya kuingia karakana hii mwaka 2019, Léocadie alikuwa fundi wa barazani huko Troyeville, mtaa mwingine wa Johannesburg, akishona sare za kwaya na nguo za harusi kwa Wakongo wenzake. Ufundi aliurithi kwa baba yake, mzee Joël, ambaye Likasi nzima ilimjua kwa jambo moja: nguo yake huchakaa kitambaa, mshono ukabaki. Mzee huyo alikuwa na msemo wake, na aliwarudia watoto kila siku: uzi mmoja ni wa mwizi. Fundi mwenye kumcha Mungu hushona kwa uzi wa mara mbili.

Msemo huo nusura uue watu.

Ili mtu aelewe, inabidi kwanza ajue jaketi hili linavyofanya kazi. Helikopta ikianguka baharini haielei ikasubiri watu washuke. Injini iko juu, ni nzito, hivyo chombo hugeuka miguu juu kichwa chini na kujaa maji. Jaketi likitunia humo ndani, linamgandamiza mtu kwenye sakafu iliyogeuka dari, hatoki tena. Kwa hiyo hukaa limekunjwa shingoni. Mtu hujinasua kwanza, akishatoka nje ndipo anavuta kamba. Mfuko wa hewa unatuna, unapasua mshono, unamwinua. Mshono ule basi umewekwa pale ili ukatike. Uzi wake ni dhaifu kwa makusudi, unapitishwa mmoja, mara saba. Ukigoma kukatika, mtu ana chupa ya gesi iliyofunguka kifuani na jaketi lililobana kama ngumi.

Hayo Léocadie hakuelezwa. Au tuseme alielezwa, kwa Kiingereza.

Msimamizi wa karakana anaitwa Jacques, fundi mstaafu wa jeshi la anga, mtu mrefu wa maneno machache. Léocadie aliposikia jina hilo kwa mara ya kwanza alishukuru Mungu, akamwamkia kwa Kifaransa kirefu. Jacques akamkodolea macho. Ni Kaburu wa Kimberley, hajui hata bonjour.

Jacques alimkabidhi kidonge cha uzi mweupe na kumwambia kwa Kiingereza kwamba huu ni uzi dhaifu. Sasa, katika lugha hiyo, neno la dhaifu na neno la wiki hutamkwa vilevile. Léocadie akasikia: uzi wa wiki.

"Nikafikiri kila wiki wanatoa uzi yake," anasema, akifunika uso kwa kiganja. "Nikasema bon, hii njo ya wiki hii. Nikaivuta hivi, ikakatika. Nikavuta tena, ikakatika. Nikaona, maskini, boss wamemuuzia uzi mbaya, na yeye hajui. Kumwambia niliona haya, nilikuwa mugeni. Na kule baharini kuna watoto ya watu. Nikaanza kuipitisha mara mbili."

Wahenga walisema wema hauozi. Wahenga hawakuwahi kushona majaketi ya helikopta. Kwa wiki tatu mwanamke huyu alikaa na mzigo wa huruma kifuani, akiimarisha kwa siri mshono ambao kazi yake yote ni kushindwa. Alishona majaketi thelathini na sita, masafi, mazuri, yakapendwa. Jacques aliyakagua kwa macho, akayapiga muhuri wake, namba tisa, kwa kuwa fundi asiye na muhuri kazi yake hutoka kwa jina la mwingine. Mwanaasha akayafunga. Yakaenda kwenye meli.

Alhamisi moja, mwisho wa wiki hizo tatu, Jacques alichukua jaketi la fundi mwingine na kulijaribu mbele ya wote. Akavuta kamba. Mishono ikapasuka yote. Léocadie alishika mdomo, akiona aibu kwa niaba ya mwenzake. Jacques akatabasamu na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nilikufa pale pale," anasema Léocadie. "Nikamuuliza Mwanaasha pole pole, kwa nini anacheka, jaketi si imepasuka? Akaniambia, ndiyo kazi yake, ipasuke. Nikamuuliza, na uzi ya wiki? Akasema, wiki gani?"

Mwanaasha anasema hakuelewa kwa nini mwenzake alitoka nje bila kuaga. Nyumbani Troyeville, Léocadie alimweleza mumewe, Octave, ambaye ni mlinzi. Octave hana ubaya, ila ni mtu aliyekwishafukuzwa mara nyingi. Akamwambia: "Mama Carmel, kibali chetu kimebakiza miezi mitatu. Tuna watoto. Nani amekuuliza? Ile muhuri si yako, ni ya muzungu."

Hilo la muhuri ndilo lililomchoma. Alijua mumewe anasema kweli: lolote likitokea, namba tisa ndiyo itakayoulizwa. Alijua pia kwamba hata namba tisa isingeulizwa mengi, maana mtu aliyezama harudi kutoa ushahidi wa mishono.

Kesho yake alikuwa langoni kabla mlinzi hajafungua. Mficha uchi hazai, na yeye alikuwa na thelathini na sita wa kuwazaa. Jacques alipofika, hakumsubiri hata azime gari. Alitoa kidonge cha uzi, akashona mbele yake juu ya boneti, mara mbili, kisha akanyoosha vidole: tatu, sita. Kiingereza kilikuwa kimemkimbia chote.

"Hakunitukana," anasema. "Ingekuwa afadhali. Alivaa miwani, akavuta ule mushono, haukukatika. Akaenda kupiga simu."

Jacques mwenyewe, akiulizwa leo, anatumia sentensi chache. Anasema simu ile ilikuwa ngumu kuliko zote alizowahi kupiga. Meli ilikuwa safarini. Helikopta zake hazikuruka kwa siku mbili, hadi majaketi mengine yalipofika. Yale thelathini na sita yalirudishwa, na Jacques akaamuru yajaribiwe yote, huku aliyeyashona akivuta kamba.

Léocadie alivuta moja baada ya jingine. La kwanza likafunguka. La pili likafunguka. Alianza kupata pumzi. Gesi ilikuwa na nguvu kuliko alivyodhani. Jaketi la kumi na moja likatoa mlio mdogo, likavimba upande mmoja, likaganda. Mpaka jioni yalifunguka thelathini na moja.

Matano yaligoma.

"Watu watano," anasema, na hapo anaacha sindano. "Hawakuanguka, asante Mungu. Lakini mimi ninawajua. Kila siku ninawahesabu."

Hakufukuzwa. Jacques aliuambia uongozi kwamba fundi anayekosea anaweza kumfundisha, bali fundi anayekuja mwenyewe kusema amekosea hajui atampata wapi. Hata hivyo aliondolewa mezani. Kwa miezi minane alifagia sakafu na kuosha chumvi kwenye majaketi, mshahara ukashuka kutoka randi elfu saba na mia mbili hadi elfu nne na nusu, na Octave akachukua zamu za Jumapili. Jacques naye alibadilisha jambo moja: uzi ule sasa umefungiwa kitambaa chekundu, na kila fundi mpya hupewa aukate kwa mkono wake, kisha aeleze kwa lugha yake kwa nini unakatika. Mkongo hueleza kwa Kiswahili, Mwanaasha anatafsiri. Kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa kutoulizwa.

Léocadie alirudi mezani, akashona miaka, wala hakurudia kosa. Ila kila jaketi lake bado linatoka na namba ya Jacques. Mwakani Jacques anastaafu. Na Léocadie hataki namba nyingine imbebee kazi yake tena.

Ndiyo maana Jumanne ijayo, saa nne asubuhi, anafanya mtihani wa muhuri. Sehemu ya maandishi ameshaifanya mara mbili. Ya kwanza alishindwa, ya pili akapita. Imebaki sehemu ya mwisho, ambayo ni desturi ya karakana tangu ianzishwe: mtahiniwa hushona jaketi lake mwenyewe, analivaa, anaingia upande wenye kina wa bwawa la kuogelea la shule ya jirani, na kuvuta kamba. Likimwinua, anapewa muhuri. Namba kumi na nne iko tayari kwenye droo, imefungwa kwa karatasi.

Jacques atakuwa ukingoni na mti mrefu wa kumvulia. Mwanaasha ameapa atakuwepo pia, ingawa anasema hatatazama. "Mimi mtoto wa pwani, nimezaliwa majini, na huwezi kunitia katika bwawa lile mwezi wa Agosti, kwenye baridi hii," anasema. "Huyu mwanamke ana moyo wa chuma."

Nyumbani, hofu yote ni ya Carmel, bintiye wa miaka kumi na sita, aliyezaliwa hapa Johannesburg na anayekisikia Kiswahili cha mama yake lakini hujibu kwa Kiingereza. Wiki iliyopita alivunja mazoea. Alimfuata mama yake jikoni na kumsihi kwa Kiswahili cha kuokoteza: "Mama, wewe ngoja. Mimi tafuta mwalimu. Wewe jifunza kwanza ogelea."

Jaketi lenyewe limeshakamilika. Liko rafuni, limekunjwa, mishono saba ya uzi mmoja mmoja, na usiku Léocadie huliacha palepale karakanani asije akashawishika kuligusa. Anaokota sindano yake, anaipuliza kama alivyopuliza vidole, anaanza jingine. Akiulizwa alimjibu nini binti yake, anamaliza kwanza kuhesabu hadi saba, anakata, ndipo anainua macho.

"Nilimwambia, Carmel, mwanangu, nikijua kuogelea, nitajua aje kama ni jaketi njo imenibeba?"