Mlio wa Saa Kumi kutoka Chini ya Bahari

Tu. Tu. Tu. Halafu kimya kifupi, pumzi moja tu, halafu mlio mrefu unaopanda polepole, wiiiuuu, kama ndama anayeita akiwa ndani ya pipa la chuma. Hata leo naweza kuupiga kwa mdomo bila kukosea. Ulikuwa unakuja saa kumi za alasiri, ndani ya redio ya mwalimu aliyepanga chumba cha nyuma kwa mama mukubwa wangu, mjini Beni.

Mimi ni mtoto wa Butembo. Masomo niliyaacha mwaka wa pili wa sekondari, ni vile mambo yalivyokuwa, na mama akanituma Beni kwa dada yake mkubwa nikajifunze kushona. Nilikuwa mtu wa kuota. Mama mwenye atelier, yaani chumba cha kushonea, alikuwa anasema masini yangu inashona Beni lakini kichwa changu kinatembea Ulaya. Nilikuwa nacheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Mwalimu naye alikuwa mtu wa mbali. Serikali ilimtuma kwetu kutoka magharibi kabisa, kule ambako nchi yetu inagusa bahari kwa kipande kidogo, chembamba kama upindo wa gauni. Kiswahili chake kilijaa Lingala, na kila mtu kwake alikuwa "ndeko", yaani ndugu, hata mama mukubwa ambaye angeweza kumzaa. Alikuwa amefunga waya wa shaba kutoka dirishani kwake mpaka juu ya mti wa avoka. Kwa huo waya, redio yake ilishika mambo ambayo redio zetu hazikuyajua.

"Ndeko, kuya usikie," aliniita siku moja nikiwa naanika nguo.

Nikasikia. Nywele za shingoni zikanisimama.

"Ni nini hiyo, mwalimu?"

"Hapana najua. Hakuna mutu anajua."

Akanieleza. Kuna watu wengine kama yeye, katika nchi nyingi, kazi yao ya kupumzika ni kusikiliza redio. Mlio huo ulikuwa umewasumbua wote. Kila mmoja alipima unatokea upande gani, akachora mstari kwenye ramani, kisha wakaunganisha ramani zao. Mistari yote ilikutana katikati ya bahari, mahali pasipo na kisiwa wala meli. Tena alikuwa amesoma kwenye telefone yake kwamba kuna wataalamu walioteremsha mikrofoni chini kabisa, kwenye giza la maji, wakasikia sauti ambazo hakuna samaki anayejulikana kuzitoa. Wengine wanasema ni barafu inapasuka, wengine wanasema ni ardhi yenyewe. Na wengine wanasema ni viumbe wasio wa dunia hii, walishuka zamani wakachagua kukaa chini ya bahari kwa sababu huko peke yake hatuwezi kuwasumbua.

"Na weye unaamini?"

"Mimi naamini masikio. Masikio inasema kuko kitu. Haisemi ni kitu gani." Akatabasamu kidogo. "Halafu unasikia hiyo shhh iko nyuma? Iko kama maji ya kwetu."

Maji makubwa niliyowahi kuyaona ni mto Semliki, na hata huo niliuvuka nimefumba macho. Kwa hiyo bahari niliitengeneza mwenyewe kichwani, na nikaijaza watu. Niliwaogopa sana, na nilipenda kuwaogopa. Nilijiuliza wanavaa nini, nani anawashonea, na je, huko chini mkasi unakata? Siku moja nilitumbukiza sikio ndani ya beseni ya kufulia nisikie kama watanifikia hata huku. Mama mukubwa akanikuta.

"We mutoto, unaosha sikio ao unaosha shuka?"

Lakini huo ulikuwa uoga wa kuchezea. Uoga wa kweli ulikuwa barabarani. Mwezi ule watu walikuwa wanatoka upande wa Oicha na magodoro kichwani, wameacha kakao mashambani bila kuvuna, kwa sababu ya wale wa porini wanaoua. Kila mtu alitazama kila mtu. Avenue yetu, yaani mtaa wetu, ilikuwa imepatana: ukiona kitu kibaya, piga sufuria. Jirani akisikia, naye anapiga yake, mpaka avenue nzima iko nje. Na jeunes, vijana wa avenue, wao ndio wanakuja wa kwanza.

Katika hali hiyo ndipo nilifungua mdomo wangu.

Tulikuwa wanne atelier, tunashona sare za kwaya, na siku ilikuwa ndefu. Nikawapa hadithi ya mlio. Niliwapa waya, mistari kwenye ramani, giza la chini, viumbe. Nikaona masini zimesimama na macho yamekuwa makubwa. Utamu ukanipanda kichwani. Nilipofika mwisho, hadithi ilikuwa haina mwisho, basi nikauongeza.

"Na mwalimu anabajibu," nilisema.

"Eeh! Anabajibu?"

"Anabajibu."

Neno moja tu, anawajibu. Mwalimu hakuwahi kumjibu mtu yeyote. Nililishona pale kama kifungo cha mapambo.

Siku ya sita baada ya hapo nilikuwa nanunua nyanya, nikasikia hadithi yangu ikirudi, na sikuitambua mara moja. Bahari ilikuwa imeanguka njiani. Viumbe nao walikuwa wameanguka njiani. Kilichobaki ni mwalimu mmoja mgeni, mwenye waya juu ya mti, kila siku saa kumi anasikia alama na anajibu.

"Anajibu banani?" mwenye nyanya alimuuliza mwenzake, yaani akina nani.

"Banani tena? Bale ba porini."

Ningesema pale pale. Lakini ukisema "ni mimi nilidanganya" katika mambo ya vita, na wewe unakuwa mtu wa kuulizwa. Nilichukua nyanya zangu nikaenda nyumbani, nikapika, nikala bukari, ugali wetu, na mwalimu na mama mukubwa. Mwalimu alisifu mboga.

Kesho yake, kama saa tisa na nusu, nilikuwa atelier nilipoanza kusikia masufuria. Moja, mbali. Halafu tatu. Halafu yote kwa pamoja, mpaka mabati ya paa yakawa yanatetemeka. Yalikuwa yanatoka kwetu. Nilikimbia na utepe wa kupimia shingoni, kiatu kimoja kikabaki njiani.

Kiwanja kilijaa. Jeunes walikuwa kama ishirini. Waya wa shaba ulikuwa umeng'olewa mtini, na mkubwa wao, kijana mrefu mwenye jezi ya mpira, alikuwa ameuzungusha mkononi. Mmoja alikuja na tairi kuukuu. Hakuna mtu pale aliyehitaji kuelezwa kazi ya lile tairi.

Mwalimu alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, kama mwanafunzi anayengoja adhabu. Mama mukubwa alisimama mbele yake na mtwangio wa sombe, mchi wa majani ya muhogo.

"Ni mupangaji yangu! Mutapita kwanza juu yangu!"

"Mama, toka," yule wa jezi alisema. "Mwalimu, unajibuka banani?"

"Hapana najibu mutu, ndeko."

"Hapana niite ndeko! Unajibuka banani?"

Lile neno. Lilikuwa langu, lenye sura yangu, na lilikuwa linaenda kumwua mtu. Nilifikiri kukimbilia Butembo kwa mama, kwa miguu, kwa kiatu kimoja. Sijui nani alinisukuma, nadhani hakuna.

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Ile neno ya kujibu, ni mimi nilitunga! Nilitaka tu hadithi ikuwe tamu. Mwalimu hapana jibu mutu. Anasikilizaka tu bale ba chini ya bahari!"

Yule wa jezi akanigeukia.

"Bahari? Mais lakini bahari iko wapi hapa Beni? Ndani ya sufuria ya mama yako?"

Mtu mmoja akacheka, halafu wengine wawili. Yeye hakucheka. Akanikaribia mpaka nikaona jasho juu ya mdomo wake.

"Donc kumbe na weye unabajua. Uko na huyu."

Nilikuwa nimesema ukweli na ukweli ulikuwa unanichimbia shimo pembeni ya shimo la mwalimu.

Aliyetuokoa ni chef wa avenue, yaani mkuu wa mtaa, mzee mdogo wa sauti ndogo. Alisema kabla ya kuhukumu mtu tuhukumu redio. Akamtuma mtu amlete fundi wa telefone na redio aliye kwenye kona. Fundi alikuja na bisibisi yake sikioni kama kalamu, akaketi chini, akafungua kifuniko cha nyuma bila haraka. Nilihesabu vis, yaani skrubu, alizotoa, zilikuwa sita. Alipuliza vumbi. Aligeuza. Akachungulia tena.

"Hii haina mudomo," alisema.

"Sema vizuri," chef alimwambia.

"Iko na masikio tu. Redio ya kuongea iko na kitu ya kutuma sauti. Hii haina. Mutu anaweza kulia humu mpaka kesho, hakuna mwenye atamusikia."

"Onyesha," yule wa jezi alisema, na akamtupia waya.

Fundi akafunga waya, akarudisha betri, akawasha. Kwanza ilikuwa shhh peke yake. Na kwa sababu ilikuwa saa kumi, ukaja.

Tu. Tu. Tu. Wiiiuuu.

Jeunes ishirini wakarudi nyuma hatua moja, wote pamoja. Mwenye tairi akaliachilia, likabingirika kidogo, likalala. Akafanya alama ya msalaba. Mlio ulikuja tena, na kwa mara ya kwanza niliusikia bila mapambo yangu. Haukutujua. Haukujua Beni iko wapi wala kwamba tunauana. Kitu fulani kilikuwa kinaita kutoka chini ya maji yale yote, na hakikuwa kinatuita sisi. Hilo lilinitisha zaidi ya viumbe wote niliowatunga.

"Zima," yule wa jezi alisema. "Zima hiyo kitu. Dada yangu alibakia njia ya Oicha. Mimi sitaki kusikia kitu."

Ndipo nikaona alikuwa wa umri wangu.

Chef akaamua haraka, kabla watu hawajabadili mawazo. Redio itakaa bureau yake, ofisini. Mwalimu atalala kwa mapadri, na atatafuta kuhamishwa, kwa sababu mtu aliyepigiwa sufuria hawezi tena kulala avenue hiyo hiyo. Chef na mama mukubwa wakamweka mwalimu katikati, wakatoka naye. Aliponipita alisimama. Nilingoja anitukane.

"Wasingya, ndeko," alisema. Asante, kwa Kinande. Nadhani ni neno peke yake alilolijua katika lugha yetu. Liliniuma kuliko kofi.

Mpaka leo sijui mlio ule ulikuwa nini. Ninashona Butembo sasa, na hadithi ninazipenda bado, lakini nikifika mahali ambapo zinakosa mwisho, naziacha hivyo.

Lakini asubuhi iliyofuata ile siku ya masufuria, niliamka kabla ya mama mukubwa. Mwalimu alikuwa amepata ruhusa ya kuja saa tatu kuchukua godoro na vitabu vyake, kisha aondoke kabisa. Kwenye mlango wa chumba chake, mtu alikuwa ameandika kwa makala, makaa ya jikoni, herufi kubwa kama mkono wangu: ADUI. Nilichota majivu jikoni, nikalowesha kitambaa cha mabaki ya kitenge, nikapiga magoti. A ilitoka upesi, na U, na I. D ilikuwa imeingia ndani ya ubao. Niliisugua mpaka kitambaa kikatoboka, kisha nikaikwangua kwa ukucha.