Mwezi Mwandamo Juu ya Jicho la Mjomba

Kosa ni langu. Naliweka mbele mapema, nisije nikafika katikati ya maelezo nikaanza kujitetea, maana kujitetea nakujua sana. Jina langu mniruhusu nilifiche, ingawa ukipita Newala ukamuulizia "yule mpwa wa darubini", utaletwa mpaka mlangoni.

Mimi ni fundi simu, nina kibanda changu Masasi mjini. Mikono yangu imezoea skrubu ambazo ukipiga chafya tu zimepotea. Nasema hivi ili mjue sikukosea kwa kutojua kazi. Laiti ningekosea kwa ujinga, leo ningekuwa nalala vizuri.

Mjomba wangu, kaka wa mama, anaishi kijijini huko juu Newala. Yeye ndiye aliyetulea mimi na dada yangu, Mama Rukia, baada ya mama kufariki, na kwetu sisi Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno. Ana bunduki yenye kibali, ya kulindia shamba. Nguruwe pori wa kule hawana adabu. Wanachimbua mihogo, wanafukua karanga, na msimu wa mabibo wanakuja chini ya mikorosho kama watu waliopelekewa kadi. Miaka yote mjomba akipiga hakosi, na kitongoji kizima kilikuwa kinamtegemea yeye.

Sasa macho yakaanza kumsaliti. Alikosa mara tatu mfululizo, na karanga za Mama Rukia zikaisha zote shambani. Hakuna aliyemsema, lakini mzee alianza kujifungia nyumbani, hata barazani haonekani. Ndipo akakumbuka darubini ya bunduki iliyokuwa sandukuni, aliyoachiwa zamani na mwindaji mmoja ambaye mjomba alikuwa akimfuatilia nyayo za wanyama. Akanipigia simu.

"Njomba, shikamoo," nikamwamkia, maana kwetu mjomba tunamwita hivyo.

"Marahaba. Mpwa wangu, kuna kale kadarubini kangu. Njoo unifungie kwenye bunduki. Skrubu zake mimi sizioni."

Nikapanda Newala siku ya Ijumaa. Mjomba akaifungua bunduki, akahakikisha haina kitu ndani, risasi akazifungia chumbani. Adhana ikalia. Akavaa kofia yake, akaniambia, "Anza anza. Nikirudi tutaipima pamoja."

Jamani, alisema pamoja. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu mawili.

Kufunga darubini si kazi ngumu ukiwa na subira, na video nilikuwa nimeshaiangalia kwenye simu. Unafuta mafuta kwenye reli ya chuma iliyo juu ya bunduki. Unakaza zile pete za kuishikia. Unailaza darubini ndani ya pete bila kuibana, halafu unauweka sawa ule msalaba unaoonekana kwenye kioo, usimame wima. Mimi nilining'iniza uzi wenye jiwe kwenye boriti nikaulinganisha nao. Mwisho unakaza skrubu kidogo kidogo, huku na huku kwa zamu, kama nati za gurudumu. Yote hayo niliyafanya, tena kwa ustadi wa kujionyesha, ingawa hapakuwa na wa kuniona isipokuwa kuku.

Ila kabla ya kukaza kuna hatua moja, na yule wa kwenye video aliirudia mara mbili. Mpigaji mwenyewe aishike bunduki kwa mkao wake wa siku zote. Afumbe macho, alaze shavu, afumbue. Darubini isogezwe mbele au nyuma mpaka picha ijae kwenye jicho lake, na kati ya jicho na kioo ibaki nafasi ya kama vidole vinne. Maana bunduki ina teke. Ikilia inarudi nyuma, na darubini inarudi nayo.

Mpigaji alikuwa msikitini. Niliyekuwepo ni mimi.

Hapo ibilisi akavuta kigoda, akakaa. Mjomba alikuwa ameshatamka mbele ya ukoo kwamba siku moja bunduki ile itakuja kwa wapwa zake. Wapwa tuko wawili, lakini masikio yangu yalihesabu mmoja. Nikajiambia, leo nimpimie mzee, kesho kutwa nifungue tena nijipimie mwenyewe? Kazi ya nini kufanywa mara mbili?

Nikasimama wima uani, shingo nyuma kidogo, kama ninavyopenda kusimama. Nikaivuta darubini nyuma mpaka picha ikajaa kwenye jicho langu. Nikazungusha na ile pete ya kioo cha nyuma mpaka nikaona mishipa ya jani la mkorosho ulioko ng'ambo ya njia. Nikatabasamu peke yangu. Nikakaza.

Na nilijua! Tangu utotoni namwona mjomba anavyopiga. Anapiga goti, anainama, shavu analilaza mbele kabisa, kama mkunga anayesikiliza tumbo. Nilijua, nikakaza hivyo hivyo.

Aliporudi alinikuta nimekaa, mikono nimeshanawa.

"Tayari, Njomba. Nimeshaipima, iko sawa."

"Ahsante, mwanangu," akasema. Neno hilo mpaka leo linanichoma kuliko tusi.

Hata risasi ya majaribio hatukupiga. Mjomba aliulizia, nikamwambia ya nini kupoteza risasi.

Alfajiri ya pili nguruwe wakaingia kwenye mihogo. Tukaenda mjomba, mimi, Mama Rukia, pamoja na jirani yetu Baba Zuhura. Huyu ni Myao, mtani wetu, asiyekubali jambo limpite. Mwanga ulikuwa umeshatosha. Mjomba akapiga goti. Nikamwona anakunja uso, anarudisha kichwa, anasogea tena. Kioo nilichokirekebisha kwa macho yangu kilikuwa kinampa ukungu yeye, kwa hiyo akazidi kulisogeza jicho ili apate kuona.

Nilikuwa na muda wa kusema, "Njomba, subiri." Maneno mawili tu. Nikayameza, kwa sababu kuyasema kungenifichua.

Bunduki ikalia. Tawi la mkorosho likaanguka huko, mbali na nguruwe yeyote. Nguruwe wakatimka salama, na mjomba akakaa chini, mkono juu ya jicho, damu inapita katikati ya vidole.

Mama Rukia alirarua kanga yake akamfunga. Nilidhani nimemtoa mjomba wangu jicho, na kwa muda wote wa kumpeleka zahanati sikuomba kitu kingine kwa Mungu isipokuwa lile jicho.

Jicho lilipona. Ukingo wa darubini ulikuwa umempasua juu yake, mkato uliopinda vizuri, nyuzi tano. Baba Zuhura alivumilia mpaka muuguzi aliposema jicho ni zima. Ndipo akauinamia ule mkato, akautazama kwa makini, akasema, "Jamani, mwezi umeandama. Kesho tunafunga au tunakula?"

Mtani hakasirikiwi. Mjomba alicheka huku amejishika kichwa. Nami nikacheka, tena kwa sauti kubwa kuliko wote, mpaka Mama Rukia akanigeukia, akanitazama sana.

Nikasingizia teke la bunduki. Nikasema ni bahati mbaya, hata wazoefu huwapata. Nikarudi Masasi nikidhani yamekwisha.

Nyuzi zilipotolewa, akatuita. Baba Zuhura naye alikuja, amejichora mwezi wa mkaa juu ya jicho lake, anasalimia watu kwa uso mkavu kabisa. Bunduki ilikuwa kwenye mkeka, tupu, darubini bado iko juu yake.

"Mpwa wangu, simama uishike. Ielekeze kule kwenye mkorosho," mjomba akasema.

Nikasimama, nikaishika.

"Unaona?"

"Naona, Njomba."

"Vizuri?"

"Vizuri kabisa," nikasema, na kwa ufundi wangu nikaongeza, "mpaka mishipa ya jani."

Kumbe nilikuwa nimeshatoa ushahidi wote kwa mdomo wangu mwenyewe. Mjomba akaichukua, akapiga goti kama desturi yake, akalaza shavu. Kioo kikatua pale pale kwenye kovu, kama kifuniko kwenye chungu chake.

"Nguo za mtu hugawanywa akishazikwa," akasema, bado amepiga goti. "Wewe umeijaribu kofia nikiwa nimeivaa."

Nililia mbele ya dada yangu na mbele ya mtani. Nikasema yote, na ya wakati ule wa adhana, na yale maneno mawili niliyoyameza. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe," akasema. "Bunduki sikupi."

Akaomba bisibisi yangu. Akazifungua zile skrubu mwenyewe, moja moja, kwa kupapasa. Mimi nilikatazwa kusaidia. Akanikabidhi darubini kwa mikono miwili. "Hii imeshapimwa kwako. Ndiyo urithi wako." Bunduki akasema ni ya Mama Rukia, aliyepitia mgambo. Dada alikihangaikia kibali chake miezi kadhaa, akakipata. Anapiga kwa vilengeo vya chuma vilivyokuja na bunduki, na nguruwe wameanza kumheshimu.

Nawe unayepewa kazi ya kumfungia mtu kitu chake, iwe darubini, iwe mlango, iwe miwani, mwite aje ajipime mwenyewe. Kama yuko msikitini, msubiri atoke. Na ukishakosea, yaseme yale maneno mawili kabla bunduki haijalia.

Siku hizi nikipanda Newala nakaa pembeni ya shamba na darubini yangu mkononi, isiyo na bunduki. Nguruwe nawaona kwa karibu sana, hadi tope kwenye ndevu zao, na hakuna nitakachowafanya. Mjomba akipita na jembe lake huwa anasimama kidogo.

"Unaona?"

"Naona, Njomba."

Akishanipa mgongo naishusha. Siku moja tu nilimwelekezea usoni, na ule mwezi ukajaa kwenye kioo chote, mpaka alama za nyuzi zote tano. Sijarudia.